Tuwalipe mafundi kwa kuchunguza, si kwa kubadilisha spea tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalowagusa wengi wetu tunaoendesha magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi. Nazungumzia gari linalokosa nguvu kwa vipindi: leo linapanda mlima bila taabu, kesho linagoma katikati ya mlima uleule, na ukilifikisha gereji linanguruma vizuri kana kwamba halijawahi kuugua. Nimehangaika na ugonjwa huo kwa miezi saba, na nilipokijua chanzo chake nilitambua kwamba kosa halikuwa la mafundi peke yao. Sehemu kubwa ilikuwa yangu mimi mwenye gari.

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5 inayotumia distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Ninaishi Lushoto, na karibu kila wiki hushuka Mombo na kupanda tena. Wanaoifahamu barabara hiyo wanajua kwamba ni kilomita zipatazo 33 za kona na mwinuko, na kwamba ukifika Soni ndipo unapokuwa umefika kama katikati ya safari. Gari lilianza kulegea kabla ya Soni. Nilikuwa nakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikishusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili na kutoka ya pili hadi ya kwanza, lakini injini haikuitika. Haikuzimika wala haikutetemeka. Ilikosa pumzi tu, kama mtu mwenye pumu. Nikiegesha pembeni kwa dakika kumi au kumi na tano na kuliwasha tena, gari liliondoka kama jipya.

Siku moja lililegea ndani ya kona kali, lori lililosheheni kabichi likiwa nyuma yangu na mama yangu mzazi akiwa amekaa kiti cha nyuma. Dereva wa lori alipiga honi mfululizo, na mimi sikuwa na pa kupisha. Mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, kisha akaniambia kwamba hatapanda tena gari lile. Naeleza haya ili isidhaniwe kuwa ninaandika juu ya usumbufu mdogo wa mwenye gari kuukuu. Gari linalopoteza nguvu mlimani linahatarisha waliomo na wanaolifuata. Na kama injini ingezimika kabisa, usukani ungekuwa mzito na breki zingebakiwa na msaada wa mikanyago miwili mitatu tu kabla hazijawa ngumu.

Nililipeleka gereji tatu. Ya kwanza ilibadilisha plagi na nyaya zake. Ya pili ilibadilisha filta ya mafuta, ikasafisha nozeli, na niliporudi na malalamiko yaleyale ikabadilisha koili. Ya tatu iliweka pampu mpya ya mafuta, na gari likakaa wiki tatu bila kasoro, nikashukuru Mungu na kuwasifia watu gereji hiyo. Wiki ya nne ugonjwa ukarudi palepale, kabla ya Soni. Hatimaye nikashauriwa ninunue injini nyingine, kwa maelezo kwamba hii imechoka. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kutumia zaidi ya shilingi 700,000, na katika spea zote zilizotolewa sikurudishiwa hata moja.

Katika gereji hizo zote hakuna kilichopimwa. Kila kitu kilibadilishwa kwa kubahatisha. Lakini, Ndugu Mhariri, nikiri jambo moja. Kabla ya kubadilisha koili, nilikuwa nimemwendea fundi mwingine, mtu wa makamo anayefanya kazi chini ya mwembe na ana vifaa vichache. Yeye aliniambia kwamba hawezi kutaja ugonjwa asiouona, kwamba anahitaji kukaa na gari siku nzima na kupanda nalo mlima, na kwamba kwa kazi hiyo nimlipe shilingi 40,000 hata kama hatafunga spea yoyote. Niliona anataka kuniibia. Nikaenda kwa aliyeahidi kumaliza kazi kwa saa moja, nikatoa shilingi 120,000 kwa koili ambayo gari halikuihitaji. Yaani nilikuwa radhi kununua chuma nisichokijua kazi yake, lakini sikuwa radhi kununua jibu.

Baada ya kuambiwa habari za injini nilimrudia fundi yule, na hakunisimanga. Jambo la kwanza alilofanya ni kunipa daftari la shule na kunitaka niandike kwa wiki mbili kila mara gari linapolegea: ni saa ngapi, jua lilikuwaje, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi, nilikuwa gia ipi, injini ilikuwa imewaka kwa muda gani, taa ya injini iliwaka au haikuwaka, na nguvu ilikatika ghafla au ilipungua polepole. Alisisitiza swali hilo la mwisho. Alinifafanulia kwamba nguvu inayokatika na kurudi ghafla, gari likishtukashtuka, aghalabu hutokana na umeme wa kuchomea mafuta, yaani koili, distributa au nyaya zake. Ile inayolegea taratibu humfanya aangalie kwanza mafuta, hewa na njia ya moshi. Nilikuwa nimeeleza ugonjwa wangu kwa mafundi watatu kwa maneno mawili tu, "inakosa nguvu", na sasa naona kwamba maneno hayo mawili hayamsaidii fundi yeyote.

Daftari lilifichua mambo ambayo sikuyatarajia. Gari halikuwahi kulegea ndani ya dakika arobaini za mwanzo. Halikuwahi kulegea asubuhi ya baridi. Lililegea tangi likiwa limejaa na likiwa nusu, ingawa mimi nilikuwa nikiapa kwamba hulegea mafuta yakipungua. Na kila mara nguvu ilipungua polepole.

Kisha akaanza kuondoa kimoja baada ya kingine. Alinitaka nifungue kifuniko cha tangi mara gari linapolegea na nisikilize kama hewa inavutwa kwa nguvu, kwa sababu njia ya kupumulia ikiziba, ndani ya tangi hujengeka ombwe na pampu hushindwa kuvuta. Sikusikia kitu. Njia ya moshi aliikagua na kuiacha, kwa hoja kwamba ekzosi iliyoziba haizibuki yenyewe kwa mapumziko ya dakika kumi. Uchafu wa tangini alisema unaweza kufanya hivyo hasa, kwa kuwa hunasa kwenye chujio la pampu gari likiwa kazini na kudondoka likizimwa, lakini tangi lilikuwa limesafishwa pampu ilipobadilishwa. Alifungua kisanduku cha kupimia kilichoko chini ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, na taa ya injini ikapepesa kwa mwendo sawa bila kukoma, maana yake kompyuta ya gari haikuwa imehifadhi hitilafu yoyote. Nilifurahi, yeye akanituliza. Gari la umri huu, alisema, halina kihisi cha presha ya mafuta, kwa hiyo kompyuta haiwezi kushtaki jambo isiloliona.

Siku ya kupima tuliondoka watatu saa saba mchana, jua likiwa kali, kama daftari lilivyoelekeza. Geji ya presha ya mafuta ilikuwa imefungwa kwenye njia ya mafuta chini ya boneti kwa mpira mrefu, na uso wake umebandikwa nje ya kioo cha mbele; hakukubali kabisa kuingiza mpira wa petroli ndani ya gari, na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa miguuni pake. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa. Msaidizi wake, kijana wa miaka kama kumi na minane, alikaa pale juu ya kipande cha godoro, akiwa ameshika kipimo cha umeme ambacho nyaya zake zilichomekwa kwenye soketi ya pampu, upande wa pampu. Kipimo cha pili kilikuwa kwenye tundu la kiberiti, kikionyesha volti 13.8 muda wote.

Kwa injini hii, bomba la ombwe la kidhibiti cha presha ya mafuta likiwa limechomolewa, presha inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 265 na 304, na ukikanyaga mafuta mlimani inatakiwa ikaribie hapo. Tulipoanza kupanda geji ilisoma 280, na kijana nyuma akasoma volti zake, "Kumi na tatu." Tukapita kona baada ya kona. "Kumi na mbili na nusu." "Kumi na moja na pointi nane." Mimi nilikuwa bado sijahisi lolote mguuni. "Kumi na nusu." Geji ikaanza kushuka, 240, 210, na gari likaanza kulegea kwa namna ile niliyoizoea na kuichukia. Kijana aliposema, "Tisa na pointi nane," geji ilikuwa 170, na fundi akaniambia niegeshe. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akagusa soketi kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka.

Tulipoichomoa baada ya kupoa, tundu moja la soketi lilikuwa jeusi, plastiki yake imejikunja kama ganda la korosho lililopitiwa na moto, na ulimi wa shaba uliokuwa ndani umegeuka rangi na kulegea kiasi kwamba haukubana tena. Fundi alinipigia hesabu kwenye daftari lilelile. Pampu ile hula takriban ampea 5. Kama volti 4 (13.8 kutoa 9.8) zinapotea kwenye kiungo kimoja, ukinzani wake ni kama omu 0.8, na hapo panazalishwa joto la wati 20, sawa na pasi ndogo ya kulehemu nyaya, ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Joto likizidi kiungo hulegea zaidi, kikilegea hupata joto zaidi, na pampu inaendelea kudhoofika mpaka mwenye gari aegeshe na kila kitu kipoe.

Hapo nikaelewa pia zile wiki tatu za furaha. Aliyeweka pampu mpya aliichomoa soketi na kuirudisha, na kitendo hicho kiliukwangua ulimi wa shaba na kuubana kidogo kwa muda. Pampu yangu ya zamani huenda ilikuwa nzima. Ndiyo maana siamini tena kwamba gari lililopona baada ya spea limeponywa na spea hiyo, hasa kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka wenyewe. Nililipa shilingi 40,000 za uchunguzi na shilingi 6,000 za soketi na nyaya fupi mbili. Nimepanda kwa miezi mitano sasa bila kulegea, na mama amekubali kupanda tena.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Wenye magari tukubali kulipa ada ya uchunguzi, maana tukimlipa fundi kwa spea tu tunamlazimisha aishi kwa kufunga spea. Gereji nazo zimrudishie mteja kila kilichotolewa kwenye gari lake, na ziandike kwenye risiti kilichopimwa na kipimo kilichosomeka. Kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ninaomba kijana anayejifunza ufundi wa magari asihitimu kabla ya kupima mwenyewe upotevu wa volti kwenye gari lililo katika mwendo, likiwa limebeba mzigo na kupanda mlima. Gari lililosimama kivulini halionyeshi ugonjwa wa namna hii. Kifaa kinachohitajika hakifiki bei ya koili niliyofungiwa bure.

Na kwako, Ndugu Mhariri, nitashukuru kama utafungua safu yako kwa mafundi wenye uzoefu wa magari haya ya zamani, waeleze vipimo wanavyovitumia na wapi hasa wanachomeka nyaya zao. Daftari langu liko tayari kwa yeyote atakayetaka kuliona.

Msomaji wako,
Lushoto, Tanga