Mwanangu, Anza kwa Kuondoa Mabaraza

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Kurasa za mwanzo za hadithi yako ya picha zimefika salama. Binti yako, aliyenyang'anywa jina akabaki kuitwa kwa namba ya mtaa wake, nimempenda sana. Mji wake ndio bado. Umejaza maghorofa yaliyopasuka, moshi na askari wenye vinyago vya gesi, na kijana wa Ngamiani hapa Tanga ameshayaona hayo kwenye filamu mpaka hayamtishi tena.

Barabara zetu zina namba tayari, na zimenyooka. Utawala katili wa hadithi yako hauna haja ya kujenga chochote, kazi yake iwe kuondoa. Uondoe mabaraza, yale ya kukalia mbele ya nyumba. Chora nyumba ileile, mlango uleule, na pale palipokuwa na baraza uache kovu ukutani: ukanda wa plasta mpya, kimo cha goti, usiolingana na ukuta uliobaki. Baiskeli zisiwepo. Asionekane muuza kahawa wala wacheza bao. Mtu wa Tanga akiuona mtaa wa namna hiyo atashtuka kabla hajasoma neno, kwa hiyo lile boksi la maelezo linalosema mikusanyiko ni marufuku lifute.

Ili kovu hilo lisihamehame, chora kwanza ramani ya Barabara ya 8: nyumba za kila upande, bomba la maji, upande linakochomoza jua. Sasa hivi bomba liko kushoto ukurasa wa 3, na ukurasa wa 5 limevuka barabara.

Sare nazo zinakuponza. Watu wote wakivaa namna moja, sura pekee haitoshi kuwatofautisha, hasa kwenye fremu ndogo, yaani visanduku vya picha. Wapake wahusika wako weusi mtupu, mmoja mmoja, uone kama bado wanatambulika. Binti na rafiki yake kwa sasa ni kivuli kimoja. Mmoja mpe shingo ndefu na mabega yaliyoinama, mwingine umfupishe kwa nusu kichwa.

Kurasa za mjini zipange kwa fremu 9 zinazolingana, tatu kwa tatu, zikiachana kwa mm 4. Msomaji aone dhiki hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Usiuvunje mpangilio huo mpaka binti afike Raskazone aione bahari. Hapo fremu zote ziondoke, picha moja ijae hadi ukingoni. Ukurasa huo lazima uwe wa namba shufwa, kwa sababu kitabu kikifunguliwa shufwa hukaa kushoto na haionekani mpaka mtu afunue. Ukiuweka kulia, jicho litaiona bahari wakati msomaji yuko bado kwenye ukurasa wa kushoto, na siri imekwisha.

Kitabu kitakuwa A5, kwa hiyo chora ukurasa wa A4 katikati ya karatasi ya A3. Picha inayojaa ukurasa uivushe mm 5 nje ya mpaka. Kisu cha kiwandani huyumba kidogo, na picha iliyoishia mpakani huacha uzi mweupe pembeni. Kumbuka kila kitu kitapungua hadi asilimia 71. Herufi za mm 4 zitatoka na mm 2.8, na chini ya hapo wasomaji watakodoa macho. Andika maneno kwanza, ndipo uzungushe kiputo cha usemi. Umefanya kinyume, ndiyo maana "hawatakuruhusu" limekatwa katikati ya silabi. Maneno yetu ni marefu. 15 kwa kiputo yanatosha.

Kwenye wino nitakaa kidogo, maana ndiko kurasa zako zinakoharibikia. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino ovyo, na kwa unyevu wa pwani mstari unaota manyoya. Tafuta ya gramu 200 au zaidi, iliyo laini. Weka karatasi safi chini ya kiganja, jasho lisiguse mahali utakapopitisha kalamu. Rula uibandike vipande vya mkanda upande wa chini ili ukingo uinuke, la sivyo wino utapenya chini yake. Weusi mkubwa, kama kivuli cha mnara wa walinzi, uzungushie mstari kwanza, kisha ujaze kwa brashi mara mbili nyembamba. Mkupuo mmoja mzito hukunja karatasi. Ufutio usubiri mpaka kesho yake, na hata hivyo hung'oa weusi kidogo, basi pitia tena palipopauka.

Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Skana ya A4 itataka vipande viwili, uviunganishe kwenye kompyuta. Ukitia rangi, maneno yabaki kwenye bamba la weusi peke yake, maana kiwandani kila wino una bamba lake la kuchapia. Yakichanganywa rangi nne, bamba moja likisogea hata nusu milimita, herufi ndogo zitaota vivuli vyekundu na vya buluu.

Kurasa ulizopanga kwa kitabu kizima ni 46. Kitabu kinachobanwa kwa pini kwenye mkunjo huenda kwa nne nne, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne, hivyo ongeza mbili, na ningependa zote mbili upewe ule ufukwe. Ukurasa wa 7 nitumie ukiwa wa penseli, kabla hujautia wino.

Mama yako