Mgonjwa wa figo aelezwe kabla ya mrija wa shingoni

Mhariri,

Wagonjwa wengi wa figo huanza kusafishwa damu kwa dharura: wamevimba, pumzi zinabana, potasiamu imepanda, na mrija wa kupitisha damu kwenda kwenye mashine ya kuisafisha unawekwa shingoni usiku huohuo. Hapo hakuna tena cha kuchagua. Tunaziomba kliniki za kisukari na presha, ambako wengi wao wamehudhuria kwa miaka, zianze kuwaeleza mara uwezo wa figo kuchuja unaposhuka chini ya mililita 30 kwa dakika.

Waanze na mkono. Ule asioandikia usitolewe damu, usiwekewe dripu wala usipimiwe presha. Muuguzi akikosa pengine, achome nyuma ya kiganja. Mishipa ya mkono huo ndiyo daktari wa upasuaji ataiunganisha, ateri na vena, kutengeneza fistula, mshipa mpana wa kuchomea sindano za mashine. (Akina mama wengi hushtuka kusikia neno hilo. Waambiwe wazi kuwa si fistula ya uzazi.) Inachukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa, ndiyo maana haingoji dharura. Ikiwa nzima, ukiweka vidole juu yake unasikia mtetemo kama wa simu iliyozimwa mlio. Mgonjwa aukague kila asubuhi. Ukitoweka, huenda damu imeganda. Awahi hospitali siku hiyohiyo. Mrija wa shingoni, kwa upande wake, ni njia fupi ya vijidudu kuingia kwenye damu.

Mashine ni mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Anayetoka wilayani ahesabu nauli na malazi kabla, si baada. Anayepunguza siku kwa kukosa fedha, maji na potasiamu humjaa katikati, na potasiamu husimamisha moyo. Kusafisha kwa njia ya tumbo hufanyika nyumbani, kwa kawaida mifuko 4 ya maji maalumu, lita 2 kila mmoja, inayoingizwa tumboni kila siku, mikono na chumba vikiwa safi. Aulize kwanza kama mifuko inapatikana mwaka mzima.

Kupandikiza figo kunafanyika Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Ndugu wa kutoa figo hupimwa kwa wiki nyingi, kwa hiyo akijitokeza mapema mgonjwa anaweza kupandikizwa bila kupitia mashine kabisa. Na mzee aliyedhoofika sana ana haki ya kuambiwa kuwa anaweza kutibiwa maumivu, uvimbe na kichefuchefu bila mashine.

Haya hayaelezeki kwa dakika 5 mlangoni. Mgonjwa apangiwe siku yake, aje na ndugu atakayebeba gharama, na siku hiyohiyo aanzishiwe chanjo ya homa ya ini B, maana mwili huipokea vizuri zaidi figo zikiwa bado na nguvu.

Wauguzi wa figo,
Dar es Salaam