Usianze na panya wenye mabaka

Mhariri naomba nafasi kidogo nimjibu yule ndugu wa huku Uingereza aliyeuliza aanze na panya wa rangi gani, anataka kuwapeleka kwenye maonyesho. Najua wasomaji wa Dar na Mombasa washacheka maana nyumbani panya ni wa mtego na sumu, ila huku hivi vipanya (sio zile daladala jamani) vina chama chake kabisa, National Mouse Club, tangu 1895, vina majaji, na kila panya anaingia mezani ndani ya kijisanduku cha mbao, kijani nje nyekundu ndani, kinaitwa Maxey.

Sasa ndugu yangu, Dachi, wale wenye mabaka, achana nao kwanza. Hata mimi walinivutia, mashavu ya rangi, kifua cheupe, kiunoni mstari umekatwa kama kavaa suruali halafu chini soksi nyeupe. Shida wazazi hata wawe safi vipi watoto kila mmoja anatoka na lake. Nilinunua jozi kwa jamaa mmoja, simtaji, wiki tatu wakazaliwa tisa, siku ya nne hivi ngozi ikaanza kuonyesha rangi nikawa nawageuza kiganjani mmoja mmoja, huyu mstari umepanda mpaka kwapani, huyu shavu moja, huyu soksi mguu mmoja tu. Wa kupeleka hakuna hata mmoja!!

Wekundu nao usikimbilie, wekundu wao unatokana na jeni ya njano, na hiyo mtoto akiipata kwa baba na kwa mama anafia tumboni, na wanaoishi wananenepa hovyo. Mwanasayansi Mfaransa Cuénot alihangaika nao, mwaka 1905 akaandika kwamba kila akiwapandisha wa njano kwa wa njano lazima rangi nyingine zitokee, kumbe wenye jeni hiyo pande zote mbili hawazaliwi.

Chukua weupe wenye macho ya pinki. Hapo rangi haikusumbui, unajifunza umbo, na umbo ndio kazi yenyewe: panya mrefu, mkia sawa na mwili na shinani uwe mnene, macho yamejitokeza, masikio makubwa yasiyojikunja. Tabu yao mkojo, manyoya yanapiga unjano hivyo maranda badilisha mara kwa mara usione uvivu. Weusi pia wazuri ila wanadanganya, ukimwona juu unasema huyu lami tupu, jaji akimgeuza anakuta vinywele vya kahawia chini ya mkia na vidole vimepauka, kwisha habari yako.

Nunua dume moja majike mawili, wote kwa mfugaji mmoja, usiokote huku na huku ukachanganya mbegu. Madume wakikua kila mtu na sanduku lake, wanang'atana mpaka damu, tena wananuka hao, kwa hiyo kabla hujatoa hela ongea na mama watoto kwanza, wangu mimi kanihamishia stoo.

Msomaji wenu,
Leeds