Kabla Fundi Hajakwangua Ukuta wa Kibla

Simu nyingi tunazopigiwa sisi tunaoandika kumbukumbu za majengo ya zamani huanza hivi: "Fundi ameshaanza, lakini kuna kitu kimeonekana."

Mwaka juzi simu kama hiyo ilitoka kwa kamati ya msikiti mmoja wa kijijini, huku pwani ya Tanga. Walikuwa wamechangishana, saruji imeshanunuliwa, na kuta tatu zimekwanguliwa mpaka jiwe. Wa nne, wa kibla, ulipona kwa sababu Ijumaa iliingia fundi hajaufikia. Tuliukalia ukuta ule siku mbili. Ubavuni mwa mihrabu, kile kijidaka cha imamu kwenye ukuta wa kibla, chokaa ilikuwa imemeguka kipande cha ukubwa wa kiganja, na kwenye mmeguko ule tabaka zilijipanga kama kurasa: niru nyeupe (chokaa ya kupaka), masizi ya taa ya mafuta, niru tena, masizi tena, hadi rangi ya kijani ya kopo iliyopakwa na watu ambao bado wapo hai. Tulihesabu kumi na moja. Chini ya zote kulikuwa na mstari wa nakshi katika jiwe la matumbawe, ambao hakuna mzee pale aliyewahi kuuona. Zile kuta tatu nazo zilikuwa na habari zao. Ziliondoka na toroli la kifusi.

Kazi yetu ni kufika kabla ya toroli. Tunapima, tunachora, tunapiga picha na kuandika jengo la zamani lilivyo, ili likikarabatiwa, likigeuzwa matumizi au likivunjwa, pabaki kumbukumbu inayosomeka. Hatuji kuzuia ukarabati. Paa likivuja, lizibwe. Ila tukiombwa ushauri hatufichi: saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa ni kujitafutia kazi ya pili. Ukuta ule unavuta unyevu toka chini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji unyevu unakosa njia, chumvi inasukuma kwa ndani, na lipu mpya inabanduka mapande mapande.

Swali la pili kwa kawaida ni la serikali: "Mkishaandika, tutanyang'anywa?" Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, ya baada ya hapo hulindwa yakitangazwa rasmi. Kwa hiyo umri wa jengo ni jambo la kujua mapema, maana likiwa la kabla ya mwaka huo itabidi muwaone wenye mamlaka ya mambo ya kale kabla ya nyundo ya kwanza. Na umri mara nyingi umeandikwa ukutani kwenyewe.

Mshono ulionyooka wima kati ya kuta mbili unasema moja ilijengwa nyingine ikiwa imeshasimama. Matundu yaliyojipanga mstari mmoja ni mahali boriti zilipokalia, yaani hapo palikuwa na dari. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ukikuta chumba kipana bila nguzo, uliza mbao zilitoka wapi. Kwenye makaburi ya nguzo, yale ya kale ya pwani yenye mnara wa jiwe, bakuli za kauri zimeshang'olewa siku nyingi, lakini shimo la mviringo lililobaki kwenye chokaa linatupa kipenyo cha bakuli. Hata kibla kinasaidia: kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo gofu lenye kijidaka katikati ya ukuta wa kaskazini hatulipiti hivi hivi; huenda lilikuwa msikiti.

Viwanda vya mkonge ndivyo vinavyotuuma zaidi, maana havina mtetezi. Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, akaupanda Kikogwe karibu na Pangani, na inasemwa miche 62 tu ndiyo iliyopona. Kwa hesabu hiyo hakuna kiwanda cha mkonge kinachofikia ule mwaka 1863 wa sheria, yaani havilindwi moja kwa moja. Mashine zinauzwa kama chuma chakavu, mabati yanafuata, na mwenye shamba anatuambia, "Hapa hamna kitu, sakafu tupu." Tuonyesheni hiyo sakafu. Bolti zilizozama kwenye zege zinaonyesha korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilikaa wapi na ilielekea upande gani. Upenyo mwembamba ukutani ni njia ya mkanda uliotoka kwenye injini. Mtaro wa maji machafu unaonyesha maji yalitokea wapi, na weusi wa grisi unaonyesha mtu alisimama wapi miaka yote ile. Halafu tunamtafuta huyo mtu, au mwanawe, tunatembea naye juu ya ile sakafu. Mzee mmoja alisimama mahali, akanyoosha mkono bila kutazama, akashika hewa. Pale ndipo palipokuwa na mpini wa kuzimia mashine.

Vifaa vyetu si vya ajabu: futi kamba, timazi, mpira wa maji, dira, kamera, na kijiti chenye mistari myekundu na myeupe cha kuonyesha kipimo kwenye picha. Leza tunayo, droni tunakodi paa likihitaji. Kila chumba tunapima pande zote nne, kisha pembe kwa pembe mara mbili. Chumba cha zamani ambacho vipimo hivyo viwili vinalingana bado sijakiona.

Msikiti mdogo au kanisa la kijijini hutuchukua siku tatu hadi nne, kiwanda wiki na zaidi, nyumba ya shambani na sakafu yake ya kuanikia siku mbili. Mnapata ramani, michoro ya kuta, picha zenye namba na maelezo kwa Kiswahili, nakala mbili za karatasi na moja ya kompyuta. Moja ya karatasi ikae mbali na jengo. Tulishakuta kumbukumbu za jengo zimehifadhiwa darini mwa jengo hilo hilo, na mchwa wameshazisoma zote.

Mkipiga simu tutauliza kwanza kama fundi ameshaanza. Kama ameanza, mpeni chai, aanze kupanga mawe ya uani mpaka tufike. Na kifusi kisiondoke bado.