Shukrani kwa dada aliyeokota daftari langu

Juzi usiku, mvua ikinyesha, nilisahau daftari kwenye matatu hapa Nairobi. Ndani yake mlikuwa na kazi yangu ya miezi miwili kuhusu Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyefundisha Makerere, ambaye utunzi wake wa fidla mbili, viola na selo ulitoka kwenye albamu ya Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa ala hizo, mwaka 1992. Nililia.

Dadangu, uliliokota limeloa chapachapa. Ukapachika vipande vya gazeti kati ya kurasa, mmoja mmoja, hata noti nilizochora kwa penseli bado zinasomeka. Ukapiga namba ya kwenye jalada, alfajiri ukaniletea hadi steji, na nauli ukakataa. Asante sana. Wenzangu, mkiokota daftari, tafuteni namba ya mwenyewe.