Kasi ya kwenye boksi la risasi si ya bastola yako

Mhariri,

Wamiliki wa bastola hulalamika kuwa risasi za kiwandani hazina nguvu. Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo. Kasi ya kwenye boksi hupimwa kwa mtutu wa majaribio, aghalabu mrefu. Risasi ya milimita 9 ikipungua mita 20 kwa sekunde kwenye mtutu mfupi, huo si ubovu.

Uwanjani, weka kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) mita 3 mbele ya mdomo wa bastola. Ikiwa karibu zaidi, mshindo na chembe za baruti huamsha vihisi kabla ya risasi kufika. Piga 10, andika kila namba, si wastani tu. Taa za tyubu nazo huvuruga vihisi. Na tafadhali, risasi zisiachwe garini juani kwa joto hili la Dar: baruti ikipata joto, kasi kwa kawaida hupanda.

Mdau wa shabaha,
Upanga, Dar es Salaam