Shukrani kwa dada wa maktaba ya Ngomeni

Dada yangu uliyetukuta maktaba ya Ngomeni, hapa Lamu, jina hukulitaja, lakini Mola anakujua. Kikundi chetu cha kusoma kilikuwa kinafifia: kitabu kimoja, watu tele. Ukatushauri tuanze na tenzi, maana husomwa kwa sauti na nakala moja yatosha baraza zima. Tukaanza na Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama akimuusia bintiye. Wallahi, mabibi waliokuja kusikiliza tu ndio sasa wanaotufafanulia maneno yake ya Kiamu, lahaja ya hapa Lamu! Na yale maswali uliyotuandikia, hasa lile la binti angemjibu nini mamake, yalitufanya tukeshe. Ahsante sana, Allah akuzidishie. Jumatano baada ya Isha tupo, karibu.